Kabla ya kutoboa matundu ya hewa chini ya sakafu ya mbao

Sakafu ya mbao ya nyumba kongwe ikianza kunepa, au chumba kikinuka uvundo, wengi hukimbilia kutoboa ukuta ili hewa ipite chini. Usianzie hapo. Hewa huondoa unyevu unaopanda kidogo kidogo kutoka ardhini. Bomba linalovuja au maji ya paa yanayomwagika kwenye msingi yataishinda. Zunguka nyumba mvua ikinyesha uone maji yanaelekea wapi, na urekebishe hayo kwanza.

Ukiwa huko nje, tafuta matundu ya zamani. Mara nyingi nyumba ilijengwa ikiwa na hewa ya kutosha, ila wakazi wameiziba: udongo wa bustani umepanda, baraza imesakafiwa juu yake, fundi wa rangi amepaka plasta, au mtu aliyechoshwa na baridi ameshindilia matambara. Kufukua na kuzibua ni kazi nyepesi kuliko kukata ukuta. Ardhi ya nje ishushwe hadi ibaki angalau milimita 150 chini ya tabaka la ukuta linalozuia unyevu.

La muhimu kuliko yote ni njia ya hewa. Matundu ya upande mmoja peke yake hayasaidii sana, kwa kuwa hewa inahitaji pa kuingilia na pa kutokea, kuta zikitazamana. Chunguza kama jiko au chumba kilichoongezwa baadaye kina sakafu ya zege. Hicho huwa kimefunga upande mzima, na itabidi upitishe mabomba chini ya zege mpaka nje. Kuta fupi zinazobeba maboriti nazo ziwe na nafasi kati ya matofali. Pembe za nyumba zisisahaulike, maana hewa hulala hapo.

Kabla ya kung'oa ubao, zima umeme kwenye swichi kuu. Vaa barakoa, na ukikuta mabomba yamefungwa kitu cheupe kinachomeguka, usikiguse: katika nyumba za zamani huenda ikawa asbesto, madini yenye nyuzi ambazo vumbi lake hudhuru mapafu. Kisha choma ncha za maboriti kwa bisibisi, hasa zilizoingia ukutani, kwani huko ndiko kuoza huanzia. Ikizama bila nguvu, muite seremala. Kipimo cha unyevu kikionyesha zaidi ya asilimia 20, ubao uko hatarini kuota kuvu.

Ondoa vipande vya mbao na takataka zilizoachwa humo chini. Hulisha kuvu na mchwa. Matundu yawekewe wavu wa kuzuia panya, usiwe wa macho madogo sana hadi uzibwe na vumbi. Na ikiwa unapanga kuweka vizuia baridi, viwekwe katikati ya maboriti, vishikiliwe na kitambaa kinachopitisha mvuke, nafasi ya chini yake ibaki wazi kabisa. Mabomba ya maji yatakayobaki kwenye hewa hiyo ya baridi yaviringishiwe vizuia baridi siku hiyohiyo, kabla mbao hazijarudishwa.