Jinsi ya kujua kosa linashikwa na sheria ya jinai ya nchi gani

Kesi ikivuka mpaka tu watu wote wanauliza jamaa ni raia wa wapi, na hapo ndo mnapoanza kupotea. Uraia ni swali la baadaye kabisa.

Anza na mahali. Sio alipo mtuhumiwa leo, mahali kosa lilipotendeka. Sheria ya jinai inashika kwanza ardhi ya nchi yake na kila aliye juu yake, mwenyeji, mtalii, mpita njia, wote, hata kama kitendo hicho kwao sio kosa. Ardhi hapa inahesabiwa pamoja na anga lililo juu yake na bahari ya pwani, ambayo kwa mkataba wa sheria ya bahari wa 1982 inaweza kufika maili 12 za baharini. Na jamani, ubalozi sio kipande cha nchi ya kigeni! Ule mkataba wa Vienna wa 1961 unazuia polisi wa nchi mwenyeji kuingia bila ruhusa ya mkuu wa ubalozi na unawapa wanadiplomasia kinga, basi, ila fundi aliyeenda kurekebisha bomba akaiba humo ndani ameiba katika nchi ile ile aliyoamka asubuhi.

Shida inakuja kosa likiwa vipande vipande, mtu kakaa nchi moja na laptop yake, anayetapeliwa yuko nchi nyingine, hela zimeingia akaunti ya nchi ya tatu. Hapa hakuna njia ya mkato, fungua sheria yenyewe usome vifungu vya mwanzo neno kwa neno, maana tofauti ndogo ya maneno inabeba kesi nzima. Ujerumani kifungu cha 9 cha sheria yao ya jinai kinasema kosa limetendeka pale mtu alipotenda na pia pale matokeo yalipotua, kwa hiyo madhara yakitokea kwao tu inatosha. Sasa linganisha na kifungu cha 6 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya, chenyewe kinamshika yule ambaye akiwa ndani ya mamlaka ya mahakama kafanya sehemu yoyote ya kitendo. Umeona? Kimoja kinafuata madhara, kingine kinamuuliza mtu ulifanya nini ukiwa huku ndani. Ila usifunge kitabu hapo, sheria maalum za mtandao, rushwa na ugaidi mara nyingi zina kifungu chao cha mamlaka na kinafika mbali kuliko kile cha sheria mama.

Kama ni melini au kwenye ndege, tafuta imesajiliwa wapi. Meli ikiwa bahari kuu inabeba sheria ya bendera yake, na ndege iliyo angani nchi iliyoisajili ina mamlaka kwa mkataba wa Tokyo wa 1963.

Baada ya hapo ndo uraia sasa. Nchi nyingi zinamfuata raia wake hata akiwa nje, lakini kwa masharti, na sharti la kutafuta ni kama kitendo lazima kiwe kosa na kule kilikofanyika. Ufaransa wameligawa, uhalifu mzito wa raia wao wanaushika popote duniani, makosa ya kati mpaka yawe makosa na huko pia. Halafu angalia uraia wa aliyeumizwa, maana wapo wanaoshika kesi kwa sababu hiyo. Makosa ya kuigusa dola yenyewe, kama kughushi noti zake, kwa kawaida yanashikwa bila kujali yamefanyikia wapi wala na nani, na uharamia wa bahari kuu nchi yoyote ina haki ya kuhukumu.

Tujaribu na Lockerbie, mji mdogo wa Scotland. Desemba 21, 1988 ndege ya Pan Am, shirika la Marekani, ililipuka juu ya mji huo, wakafa watu 270, na 11 kati yao walikuwa chini mjini kwao. Ardhi ni ya Scotland (ambayo iko ndani ya Uingereza ila ina sheria yake ya jinai tofauti na England, kwa hiyo jina la nchi pekee halitoshi), usajili wa ndege Marekani, marehemu wengi Wamarekani, watuhumiwa wawili raia wa Libya. Kwa maswali yetu Scotland, Marekani na Libya zote zinaidai kesi kihalali kabisa, hakuna iliyokosea. Ila watuhumiwa walikuwa Libya na Libya ikagoma kuwatoa, miaka ikapita.

Hilo ndo watu wanalichanganya kila siku. Sheria inaweza kuvuka mpaka, polisi hawavuki. Nchi ikiwa na mamlaka juu ya kosa lako haimaanishi inaweza kuja kukukamata ulipo, inabidi iombe urejeshwe, na anayeombwa ataangalia mkataba upo au haupo, kosa linatambulika pande zote au la, na nchi kadhaa hazitoi raia wao kabisa. Lockerbie iliisha kwa kitu cha ajabu kidogo, majaji wa Scotland walikaa Camp Zeist huko Uholanzi, kesi ikaanza 2000 kwa sheria ya Scotland, na Januari 2001 mmoja akatiwa hatiani, mwingine akaachiwa.

Kitu cha mwisho cha kukagua ni kama mtu ameshahukumiwa kwingine. Usidhani ukiachiwa nchi moja umeachiwa kote, hata ndani ya Marekani mahakama yao ya juu kabisa ilirudia 2019 kwamba jimbo na serikali kuu wanaweza kukushtaki kila mmoja kwa kitendo kile kile. Kwa hiyo umeshinda kesi huku na kule nako wanadai, kabla hujakata tiketi soma kifungu chao kinasemaje kuhusu hukumu za nje.