Namna ya kutabiri nani ataitwa mu timu ya triatloni ya Olimpiki, kabla federasioni haijasema

Mimi niko Bukavu, Nguba, nauza mega na kuchaji telefone za watu, na moto ukikatika hakuna kazi, njo hapo ninafungua kaye yangu ya triatloni. Tangu Olimpiki ya Tokyo tuko tunashindana na shemeji yangu: kila mmoja anaandika majina ya timu kubwa kubwa kabla hayajatangazwa, mwenye kukosa mingi ananunua kilo ya sambaza (samaki wadogo wadogo). Mwanzoni nilikuwa nanunua tu kila mara. Siku hizi watu wananiuliza nafanyaje, basi shika biki.

Kwa asiyejua: unaogelea km 1.5, unapanda kinga km 40, unamalizia na mbio km 10, bila kupumzika hata kidogo. Olimpiki iliingiza hii mchezo Sydney 2000.

Hatua ya 1: hesabu viti, majina bado

Wengi wanaanza kwa kuuliza nani mwenye mbio kushinda wote, na hapo hapo wanapotea. Paris 2024 ilikuwa wanaume 55 na wanawake 55, dunia nzima, na nchi haipeleki zaidi ya watatu kila upande. Hao watatu wenyewe unapata paka kama uko na watu watatu ndani ya 30 wa kwanza mu renki ya Olimpiki, la sivyo ni wawili, basi. Kuna pia kiti cha bara kwa nchi ambayo haijapata kitu, njo mlango ambao sisi Waafrika tunaangalia (na ziwa Kivu liko hapa chini, hata mamba halina, lakini tuache).

Sasa hii uishike sana: kiti ni cha nchi. Mtu anaweza kuhangaika miaka miwili, akaletea nchi yake kiti cha tatu, kisha wakaita mwingine. Ni kama kumchungia mtu nafasi mu taksi, akifika anakaa yeye, wewe unashuka.

Hatua ya 2: piga hesabu ya alama

Renki ile inatoka ku alama: mu mashindano makubwa ya mfululizo wa dunia, wa kwanza anapata alama 1000, na kila anayefuata anapungukiwa 7.5 kwa mia. Chukua kalkuleta ya telefone, piga mara 0.925: wa pili 925, wa tatu 855.63, endelea hivyo mpaka wa kumi, utaona inabaki kama 496. Na kushinda Kombe la Dunia, ambalo ni ngazi ya chini, ni 500. Umeona? Mtu anabeba medali, anapigwa picha, watu wanapiga vigelegele, na mwingine aliyefika wa kumi bila kamera hata moja iko karibu sawa naye. Shemeji yangu hii hakuijua miaka yote, alikuwa anahesabu medali tu.

Hatua ya 3: soma karatasi ya uteuzi

Hapa njo kazi yenyewe, na hapa njo watu wako na uvivu. Federasioni nyingi zinatoa PDF ya kusema watachagua vipi, maneno marefu ya kisheria, soma yote mara mbili. Unatafuta vitu viwili: nani anaingia mwenyewe bila kuuliza mtu (mfano kufika ndani ya nafasi fulani ku mashindano fulani), na viti ngapi vinabaki mikononi mwa kamati. Kiti cha mwenye kuingia mwenyewe andika kwa biki, cha kamati andika kwa kreyo.

Mimi nilijifunza kwa uchungu. Wanawake wa Marekani, Tokyo: Summer Rappaport alishajihakikishia kiti 2019, Taylor Knibb akashinda mashindano ya Yokohama, Japani, Mei 2021, akaingia, kikabaki kimoja cha kamati. Katie Zaferes alikuwa bingwa wa dunia 2019, lakini Yokohama ile alimaliza mbali sana nyuma, nikamfuta, nikaandika Taylor Spivey, tena kwa biki! Kamati ikamuita Zaferes. Akaenda Tokyo akaleta shaba, pamoja na feza ya relay (mashindano ya kupokezana). Kilo ya sambaza ikaondoka kwangu na nikasikia masimango mpaka Noeli. Tangu siku ile nauliza swali moja: hii karatasi inatafuta mwenye fomu ya leo ao mwenye kuweza medali? Kama neno medali linarudi rudi, usimfute bingwa kwa siku moja mbaya.

Uingereza ni vilevile. Agosti 2019, ku mashindano ya majaribio Tokyo, Jessica Learmonth na Georgia Taylor-Brown walivuka mstari wameshikana mikono, sheria inakataza, wakaondolewa wote wawili. Wote wawili waliitwa Olimpiki. Kamati iliona mbio, haikuona karatasi ya matokeo tu.

Hatua ya 4: tafuta mtu wa kazi

Ku baiskeli ya Olimpiki inaruhusiwa kujificha nyuma ya mwingine, upepo unampiga yeye. Kwa hiyo kuna timu zinaita mtu wa kusaidia. London 2012 Waingereza walimuita Stuart Hayes kwa ajili ya ndugu wawili Brownlee, na Lucy Hall kwa ajili ya Helen Jenkins, na kelele zilikuwa nyingi. Alistair Brownlee akachukua dhahabu.

Tangu Tokyo kuna tena relay ya mchanganyiko, wanaume wawili na wanawake wawili, kila mmoja kama m 300 majini, km 7 baiskeli na km 2 mbio. Hapo anatafutwa mtu wa haraka, si wa kuvumilia. Paris, pamoja na Alex Yee, Uingereza ilimuita Sam Dickinson, na watu wasiofuata waliuliza huyu ni nani. Akakimbia relay, wakapata shaba. Kama nchi iko na nafasi ya medali mu relay, kiti cha mwisho kipime kwa relay kwanza.

Hatua ya 5: jina kubwa lisikutishe

Haraka tu: Emma Snowsill, dhahabu ya Beijing 2008, Australia ilimuacha 2012. Vincent Luis, bingwa wa dunia 2019 na 2020, hakuwa mu watatu wa Ufaransa Paris. Angalia miezi kumi na miwili ya mwisho na majeraha.

Hatua ya 6: funga

Andika majina, pembeni ya yale ya kreyo weka asilimia zako mwenyewe, piga picha ukurasa, tuma kwa WhatsApp kabla ya siku ya kutangaza. Saa inabaki pale juu ya picha. Shemeji yangu alikuwa na tabia ya kusema "mimi nilimuwaza huyo", nikamuambia sambaza hainunuliwi na mawazo.