Somo: Namna ya Kuhesabu Siku 90 za Kukaa Katika Nchi za Schengen

Kosa ninaloliona mara kwa mara kwa ndugu zetu wanaokwenda Ulaya kuwatembelea watoto wao ni kusoma tarehe ya mwanzo na ya mwisho ya viza, kisha kudhani kwamba siku zote zilizo katikati ni zao. Sivyo.

Hatua ya kwanza: soma stika ya viza. Mbali na tarehe mbili, tafuta namba ya siku za kukaa na idadi ya safari za kuingia. Ikiwa tarehe ni 1 Machi hadi 14 Aprili, lakini siku zilizoandikwa ni 30, unazo siku 30 tu. Zile 15 za ziada zimewekwa ili uweze kusogeza safari yako mbele au nyuma. Neno MULT maana yake unaruhusiwa kutoka na kurudi.

Hatua ya pili: fahamu eneo lenyewe. Nchi 29 za Ulaya, ndizo zinazoitwa nchi za Schengen, huhesabiwa kama ua mmoja, zikiwemo Uswisi na Norway ambazo hazimo katika Umoja wa Ulaya. Uingereza na Ayalandi ziko nje ya ua huo.

Hatua ya tatu ndiyo inayowachanganya wengi. Kwa kila siku utakayokuwa ndani ya eneo hilo, hesabu siku 180 kurudi nyuma, ukiijumuisha siku hiyo, na katika hizo usiwe umekaa zaidi ya siku 90. Siku ya kuingia na ya kutoka huhesabiwa nzima nzima, hata kama ndege imetua saa tano usiku.

Nilikaa na shangazi yangu mezani, kalenda mbele yetu, yeye akiwa na viza ya MULT ya siku 90 iliyofika hadi Desemba. Alikuwa Ujerumani kuanzia 10 Januari hadi 28 Februari 2025, yaani siku 50, na alitaka kurudi 1 Juni. Jamaa walikuwa wamemwambia kwamba amebakiwa na siku 40. Tulipohesabu, tuliona kwamba kuanzia 9 Julai siku moja ya Januari inatoka katika zile 180 kila siku mpya inapoingia, kwa hiyo jumla inasimama kwenye 88 (zile 50, na 38 za kuanzia 1 Juni hadi 8 Julai) hadi 27 Agosti, siku ya mwisho ya Februari itakapokuwa imetoka. Angeweza kukaa hadi 29 Agosti, siku 90 kamili. Lakini kama angerudi Aprili badala ya Juni, siku zake 40 zingekwisha kabla ya zile za Januari kuanza kutoka, naye angelazimika kuondoka.

Hatua ya nne: usitegemee muhuri uliofifia. Tangu 12 Oktoba 2025, nchi hizo zimeanza kutumia mfumo wa kielektroniki wa kurekodi wageni wanapoingia na kutoka, hivyo siku iliyozidi huonekana bila ofisa kufunua kurasa za pasipoti.

Maswali ya wanachama

Swali: Ndugu mwalimu, nikienda London wiki mbili kisha nikarudi Paris, je, hesabu inaanza upya?
Jibu: Haianzi upya. Siku kamili za London hazihesabiwi, lakini zile ulizokwisha kukaa Ufaransa zinabaki. Angalia pia stika yako, ndugu yangu: ikiwa ni ya kuingia mara 1, ukishatoka hurudi kwa viza hiyo.

Swali: Shikamoo mwalimu. Nina kibali cha ukaazi Uholanzi. Je, siku zangu za huku zinahesabiwa?
Jibu: Marahaba. Za Uholanzi hazihesabiwi maadamu kibali ni halali. Ukitembelea Ubelgiji au Italia, huko kanuni ya 90 katika 180 inakuhusu.

Swali: Mama amelazwa hospitali na siku zake zinakwisha Ijumaa. Tufanye nini?
Jibu: Pole sana, na Mungu amjalie nafuu. Nendeni kabla ya Ijumaa kwenye ofisi ya nchi aliko inayoshughulikia wageni, mkiwa na pasipoti yake na barua ya daktari inayoeleza kwamba hawezi kusafiri, mwombe viza iongezwe muda. Sheria yao inaruhusu hilo kwa sababu zilizo nje ya uwezo wa msafiri, na kwa sababu hizo hakuna ada. Msingoje Jumatatu.