SOMO: Kaiti ya ukubwa gani na ubao gani kwa kusi na kaskazi ya Paje

Assalam aleikum wadau. Huu uzi nauandika nikiwa nimechoka. Kila nikifungua simu nakuta "kaka, nina kilo kadhaa, ninunue ngapi?" Nikimjibu mmoja, wa pili anauliza lilelile kabla simu haijarudi mfukoni. Basi naandika mara moja, na kuanzia leo atakayeuliza nitamtumia huu uzi.

Mimi nafundisha kaiti, yaani kuteleza majini juu ya ubao ukivutwa na tiara kubwa, hapa Paje, pwani ya kusini mashariki ya Unguja. Nina kilo 70, na ninayoyasema ni ya Paje na majirani zake, Bwejuu na Jambiani: ndani ya mwamba, kwa upepo unaokurudisha ufukweni. Aliye Cape Town hesabu itamfaa, mengine atauliza wenyeji wa huko.

Hatua ya 1. Jipime uzito. Kwenye mizani, si kwa kukumbuka ulivyokuwa sekondari.

Hatua ya 2. Jua utaingia majini msimu gani. Kaskazi hushika katikati ya Desemba na kulegea mwanzoni mwa Machi. Siku nyingi ni noti 12 hadi 18. Kusi ni Juni hadi Septemba, imeshiba zaidi, 15 hadi 20, na kuna alasiri inapita hapo. (Noti za upepo, si za benki. Noti moja ni kama kilomita 1.85 kwa saa.) Kwa ajili ya masika usinunue chochote, utakaa barazani unaangalia mvua.

Hatua ya 3. Kilo zako mara 2.2, gawanya kwa noti. Jibu ni ukubwa wa kaiti kwa mita za mraba; nikisema "12" namaanisha kaiti ya mita 12, si kaiti kumi na mbili. Mimi: 70 mara 2.2 ni 154. Upepo wa noti 12 unanipa karibu 13, wa 15 unanipa 10, wa 20 unanipa karibu 8. Hesabu hii ni ya mtu anayeweza tayari kusimama na kwenda.

Hatua ya 4. Kaiti zako ziachane. Hapa naomba msome taratibu, maana hapa ndipo nilipoharibu mimi mwenyewe.

Nilipoanza kushika pesa nilinunua kaiti ya 14 kwa mgeni aliyekuwa anarudi kwao, bei ya kutupa. Miezi miwili baadaye nikaona 12, rangi nzuri, nikanunua nayo. Nikajiona tajiri, nina kaiti mbili. Kumbe nilikuwa na kaiti moja niliyoinunua mara mbili, kwa sababu siku ya 14 na siku ya 12 kwa mtu wa kilo zangu ni siku ileile. Kusi ilipoingia sikuwa na kitu. Siku moja ya bamvua, yale maji makubwa ya mwezi mpya na mwezi mpevu, saa saba mchana, maji yameshaanza kurudi, upepo noti 22. Gawanya 154 kwa 22: kaiti yangu siku ile ilikuwa ya 7. Nikatoka na 12, nikijiambia nitaiachia baa tu, ule mti wa mkononi ambao ukiusukuma mbali kaiti inapungua nguvu, itapoa. Haikupoa. Kisigino hakishiki, ubao unateleza ubavu, mara nikanyanyuliwa nikatuliwa katikati ya shamba la mwani. Saa ile vigingi huvioni, viko kiganja kimoja chini ya maji. Kamba za kaiti zikajisokota na kamba za mwani, na kila kaiti ikivuta inang'oa kigingi kingine, tap, tap, tap, kama mtu anayefungua vifungo vya shati.

Mwenye shamba hakunipigia kelele. Alinisubiri ufukweni akanionesha vidole vinne: mistari minne. Pesa alipokea, lakini pesa peke yake haikumtosha. Bamvua iliyofuata, saa nne asubuhi maji yamekupwa, nilikuwa nimeinama napigilia vigingi na kufunga mbegu moja moja kwa taitai, vile vikamba vyembamba, na yeye ameketi ndani ya maji ananifungulia kila fundo nililokosea. Mwani unalimwa Paje na Jambiani tangu 1989. Sisi wa kaiti ndio wageni pale.

Kwa hiyo:

- Kaiti ya pili iwe kama robo tatu ya ya kwanza. 12 na 9. Au 10 na 7. Si 12 na 10, hata ukipewa kwa nusu bei.
- Ukibaki katikati ya saizi mbili wakati wa kusi, chukua ndogo.
- "Nitaiachia baa" si mpango. Baa ikishafika mwisho, umebaki na kifyatuo cha usalama tu, na kama hujawahi kukivuta kwa makusudi, siku hiyo mkono hautakipata.

Hatua ya 5. Ubao. Watu humaliza akiba yote kwenye kaiti, halafu ubao wanachukua wowote uliobaki.

Wa kwanza uwe wa pande mbili, ule usio na mbele wala nyuma. Kwa kilo kama zangu, urefu sentimita 136 hadi 140, upana 41 au 42. Wa pili ni ule mkubwa tunaouita mlango, 150 na kuendelea, upana 44 au 45. Mlango hauna sifa, hakuna anayeupiga picha, lakini ndio unaokutoa majini Februari upepo ukishuka hadi 11 na wenzako wote wamelala mchangani.

Halafu angalia maji. Yakikupwa, ndani ya mwamba ni sahani. Yakijaa, wimbi linapita juu ya mwamba na bahari nzima inakuwa matuta. Ubao uliolala sawasawa unakimbia sana kwenye sahani, na kwenye matuta unakugonga magoti mpaka unachukia. Uliopinda kidogo kama ndizi ni mzito wa kuanza, lakini matuta unayameza. Kama unaweza kununua mmoja tu na unaingia zaidi jioni za bamvua, maji yakiwa yamejaa saa kumi, chukua uliopinda.

Ubao wa mawimbi, wenye kichwa na mkia, futi 5 na inchi 10 hivi, ni wa nje ya mwamba. Mwaka wa kwanza usiuguse. Na ukinunua, nunua uliotengenezwa kwa kaiti. Ule wa kupigia makasia kwa mikono utabonyea chini ya visigino kama mkate.

Hatua ya 6. Mapezi mafupi. Ya ubao wa pande mbili ni sentimita 4 au 5, ya ubao wa mawimbi yanafika 11. Maji ya magoti hayajui kama umelipa bei gani.

Hatua ya 7. Cha mkono wa pili: jaza upepo jioni, kiangalie asubuhi. Kitambaa kizima ukikikunja kinalia kama karatasi ya biskuti; kikiwa kimya na laini kama kanga kuukuu, jua limeshakila. Kamba zote nne zitundike kwenye msumari mmoja, rudi nyuma na baa, vuta. Ncha zisipolingana, kaiti itakuwa inavuta upande mmoja siku zote na utadhani wewe ndiye hujui.

Seti yangu leo: 12, 9 na 7, ubao wa 138 na mlango wa 155. Wa mawimbi naazima.

MASWALI

Kifua Mbele: Somo zuri mkuu. Mimi nina kilo 82, ninunue ngapi?

Mleta uzi: Hatua ya 3.

Kifua Mbele: Nimeiona ila sina kikokotoo hapa.

Mleta uzi: Simu unayoniandikia inacho. Haya: 82 mara 2.2 ni 180.4. Noti 15, kaiti ya 12. Noti 20, kaiti ya 9. Hii ndiyo ya mwisho, wa kilo 83 asije.

Mdau wa Diani: Kaka, nina swali kuhusu mlango. Umesema upepo ukipungua ubao mkubwa unasaidia. Mimi nilidhani njia ni kaiti kubwa zaidi, 14 au 15. Kwa nini ubao?

Mleta uzi: Swali tamu hili. Upepo mdogo una shida mbili. Ya kwanza, kukutoa majini. Hapo kaiti kubwa inasaidia, na ubao mkubwa unasaidia vilevile, kwa kuwa eneo lake linapanda juu ya maji kabla hujawa na kasi kubwa. Ya pili ni upepo ukikata ghafla ukiwa mbali. Kaiti kubwa ni nzito na inageuka polepole. Upepo ukikata inaanguka, na kuiinua tena majini kwa noti 9 ni kuomba Mungu. Ukiwa na 12 na mlango, kaiti bado ni nyepesi, unaipeleka juu na chini inajitafutia nguvu yenyewe. Halafu kuna bei: mlango mmoja hauna kamba, hauna baa, hauna valvu, na hauozi kwa jua haraka. Mimi ningekuwa naanza upya, ningenunua 12 na mlango kabla hata ya kaiti ya pili, ilimradi naanza kaskazi. Ukianza kusi, kinyume chake: 9 kwanza.

Mdau wa Diani: Nimekuelewa kabisa. Nilikuwa karibu kutuma pesa ya 15.

Mleta uzi: Zuia hiyo pesa.

Upepo wa Bure: Mbona mwalimu wangu ana kilo kama zako na anashinda na 9 siku nzima, noti 14? Hesabu yako si sahihi.

Mleta uzi: Mwalimu wako anaendesha kila siku, anajua kukata maji kwa ukingo wa ubao na kuifanya kaiti ifanye kazi. Na ninavyodhani hiyo 9 ni ya shule, hana nyingine. Hesabu ni ya mnunuzi, si ya mwalimu. Ukifika kiwango chake hutaniuliza.

Upepo wa Bure: Sijauliza, nimesema tu.

Mleta uzi: Sawa.

Bint Makunduchi: Shukrani kwa somo. Nina kilo 52. Nimepiga hesabu nikapata 9.5 kwa noti 12, 7.6 kwa 15 na 5.7 kwa 20. Nimefikiria 9 na 6. Niko sawa? Na ubao wa 138 si mrefu kwangu? Pia navaa hijabu ya kuogelea, ile kanzu yake ndefu inaingia kwenye ndoano ya hanesi, ule mkanda wa kiunoni unaokushikiza na kaiti.

Mleta uzi: Dada, wewe ungeandika huu uzi. 9 na 6 ni sawa kabisa. Siku ya noti 15 utachagua kwa kuangalia maji, na mpaka uzoee chukua 6. Ubao 138 ni mrefu, utachoka miguu kuupindua. Tafuta 130 hadi 133, upana 39 hivi. Uulizie pia baa nyembamba, ya sentimita 45 hivi. Baa pana kwenye kaiti ndogo inaifanya iruke kama nzi. Kuhusu kanzu: wanafunzi wangu wawili huvaa kaptura pana ya kuogelea juu yake, halafu hanesi juu ya vyote. Kitambaa kinabanwa, ndoano inabaki wazi. Usijaribu kuchomekea tu, kitatoka mara ya kwanza ukianguka.

Bint Makunduchi: Hilo la kaptura sijawahi kulifikiria. Allah akuzidishie.

Mtoto wa Jambiani: Mama yangu ana shamba la mwani, nimecheka hapo kwenye vifungo vya shati ingawa si jambo la kucheka. Waambie watu wanaonaje shamba maji yakiwa nusu.

Mleta uzi: Ahsante, nilisahau. Njooni ufukweni mara moja maji yakiwa yamekupwa, mtembee kwa miguu hadi kwenye vigingi, kisha mgeuke mtazame pwani: shamba hili liko mbele ya mnazi gani, lile mbele ya paa gani. Alama ziwe za nchi kavu, maana majini hakuna alama. Na mkivunja, mrudi kwa mwenyewe siku hiyohiyo, msisubiri atafute.

Chumvi Mdomoni: Nje ya mada kidogo. Nimekanyaga wale wadudu weusi wa baharini, wa miiba mirefu, jana nikirudi na ubao. Miiba mitano imebaki ndani ya nyayo.

Mleta uzi: Kwa nini ulirudi bila viatu? Usichokoe kwa sindano, itakatikia ndani. Hapa wazee wanapaka utomvu wa papai, inalainika. Mguu ukivimba au ukipata homa, hospitali.

Chumvi Mdomoni: Papai bivu au bichi?

Bint Makunduchi: Bichi. Bivu ule.