Jinsi ya kupima lori la makala kwa magunia 36

Mama mmoja ana depo ya makala, yaani mkaa, huku Katuba, Lubumbashi. Ananunua kwa gunia, anauza kwa mafungu, na anayemletea mzigo anaapa kwamba kila gunia lina kilo 50. Lori linaingia na magunia 240. Kuyapima yote kunakula siku nzima, na vijana wa kupakua hulipwa kwa gunia, kwa hiyo hawana muda wa kusubiri mizani. Itabidi upime machache. Sasa, yapi, mangapi, na jibu lake uliamini kiasi gani?

Kazi yangu ni kuwafanyia hesabu wafanyabiashara wadogo wa Lubumbashi, na jioni nafundisha takwimu kwa wanafunzi wa biashara wa mwaka wa kwanza. Fomula wanazijua vizuri. Ila ukiwapandisha kwenye lori, wanapima magunia yaliyo karibu na mkono. Siwacheki, nami nilianza hivyo hivyo.

Hatua ya 1: Taja kundi zima

Andika kwenye daftari kabla hujagusa mizani: "magunia 240 ya lori hili, leo." Hilo ndilo kundi zima. Makala yote ya Katanga hayahusiki, wala lori la juzi. Magunia machache utakayopima ndiyo sampuli, ile ambayo darasani kwa Kifaransa wanaiita échantillon. Kundi zima lina wastani mmoja tu, umetulia, ila huujui. Wastani wa sampuli utaujua, lakini haujatulia: ukichota sampuli nyingine, unapata namba nyingine.

Hatua ya 2: Usichukue ya juu

Hapa nakaa kidogo, maana hapa ndipo nilipoaibika. Ilikuwa Januari, mvua inanyesha kila siku. Nilipanda juu ya lori, nikapima magunia 30 ya juu, nikapata wastani wa kilo 51. Nikamwambia mama, mtu wako ni mkweli, mlipe. Baada ya siku chache akaniita: magunia ya chini mengi hayafiki hata 45. Makala hunywa maji. Yale ya juu yalikuwa yamenyeshewa njia nzima, na mimi nilikuwa nimepima mvua.

Ningeongeza hadi magunia 60 ya juu, ningepata uongo uleule, tena kwa kujiamini zaidi. Upendeleo hauponi kwa wingi. Mwaka 1936 huko Marekani gazeti la Literary Digest lilituma karatasi za kura ya maoni zipatazo milioni 10, zikarudi zaidi ya milioni 2, likatangaza kwamba Landon atamshinda Roosevelt kwenye uchaguzi wa rais. Roosevelt akachukua majimbo 46 kati ya 48. Majina mengi yalikuwa yametoka kwenye vitabu vya simu na orodha za wenye magari, katika miaka ya njaa ambapo maskini hakuwa na simu wala gari. Na waliojisumbua kurudisha karatasi hawakufanana na walionyamaza. Hayo nayo ni magunia ya juu.

Hatua ya 3: Piga kura

Kata vikaratasi 240, viandike namba 1 hadi 240, vitie kwenye beseni, vikoroge sawasawa, toa 36 bila kuangalia. Zipange hizo namba kuanzia ndogo. Lori likianza kupakuliwa, mtu mmoja anahesabu kwa sauti: gunia la kwanza, la pili, la tatu. Namba yako ikifika, gunia hilo linakwenda kwenye mizani, mengine yanapita. Hakuna anayesubiri.

Mara ya kwanza mama aliponiona na beseni alinikaripia: "Mwalimu, minakulipa juu ya kupima, hapana juu ya kucheza loteri!" Lakini ni loteri kweli, na ndiyo nguvu yake: kila gunia lina nafasi sawa, la juu na la chini, la mvua na kavu.

Wengi wanapenda njia ya mkato, yaani kupima kila gunia la 6. Inafaa, ila angalia kwanza lori lilivyopangwa. Kama kila safu ina magunia 12, hatua ya 6 itakuangusha kwenye nafasi mbili zilezile za kila safu, na ikitokea moja ni ya ukingoni, wanapoweka magunia yaliyoshindiliwa ili mzigo usimwagike, umekwisha. Chukua kila la 7. Saba na kumi na mbili havigawiki pamoja, kwa hiyo utazunguka nafasi zote. Namba ya kuanzia, kati ya 1 na 7, nayo itoke kwenye beseni.

Lori likiwa limepakia sehemu mbili, tuseme magunia 160 kutoka pori moja na 80 kutoka lingine, yatenge kama matabaka: chota 24 kwa yale ya kwanza na 12 kwa yale ya pili. Faida yake ni kwamba bahati haiwezi kukuletea sampuli ya upande mmoja tu.

Kazi ya wateja ni shida nyingine. Mtu akitaka kujua nyumba za mji huu zinatumia makala kiasi gani, orodha ya nyumba ataitoa wapi? Sensa ya mwisho ya Kongo ilifanyika 1984. Hapo unapigia kura vishada: barabara kadhaa ndani ya komini (manispaa) saba za mji, kisha kwenye kila barabara iliyotoka unaorodhesha nyumba mwenyewe na kuchota. Unaokoa nauli, lakini majirani hufanana, hivyo nyumba 100 za barabara tano zinakufundisha machache kuliko nyumba 100 zilizotawanyika.

Hatua ya 4: Uone mgawanyo kwa macho

Wanafunzi hukwama kwenye maneno "mgawanyo wa wastani wa sampuli". Basi chukua magunia matano tu, ujifanye ndiyo kundi zima: kilo 38, 41, 44, 47 na 55. Wastani wake ni 45. Sasa chota mawili mawili. Sampuli zinazowezekana ni kumi, na wastani wa kila moja ni huu:

39.5, 41, 42.5, 46.5, 42.5, 44, 48, 45.5, 49.5, 51

Zifanye kwa mkono, usiniamini. Hizo namba kumi ndizo mgawanyo wenyewe. Hakuna hata moja iliyo 45 kamili, yaani kila sampuli imekosea kidogo. Lakini zijumlishe: 450. Gawa kwa 10: 45. Makosa yanafutana. Halafu tazama upana: magunia yenyewe yanatoka 38 hadi 55, wastani wa mawili mawili unatoka 39.5 hadi 51. Umebana. Mkengeuko sanifu, yaani kipimo cha namba zinavyotawanyika kuuzunguka wastani wake, kwa magunia ni 5.83, kwa zile namba kumi ni 3.57.

Hiyo 3.57 ndiyo kosa sanifu. Inapatikana hivi: 5.83 gawa kwa kipeuo cha pili cha 2, unapata 4.12. Kisha, kwa kuwa umechota 2 kati ya 5 tu, unazidisha kwa kipeuo cha pili cha (5 − 2) ÷ (5 − 1), ambacho ni 0.866. Inarudi 3.57. Mwanafunzi akiiona inarudi, anaacha kuogopa fomula.

Jambo lingine: sampuli ikikua, mgawanyo wa wastani unachukua umbo la kengele, hata kama magunia yenyewe hayana umbo hilo. Ndiyo maana hatua ifuatayo inawezekana.

Hatua ya 5: Toa jibu lenye mipaka

Tuseme magunia 36 yametoa wastani wa kilo 43 na mkengeuko sanifu wa 6. Gawa 6 kwa 6, maana kipeuo cha pili cha 36 ni 6: unapata kilo 1. Sampuli imekula asilimia 15 ya lori, kwa hiyo rekebisha kwa kipeuo cha pili cha 204 ÷ 239, yaani 0.92. Kosa sanifu ni kilo 0.92. Zidisha kwa 2.03, unapata karibu 1.9. Wastani wa lori uko kati ya 41 na 45 hivi, kwa njia ambayo hufaulu mara 95 katika 100.

Kwa nini 2.03 na si 1.96 ya kwenye jedwali la umbo la kengele? Kwa sababu hata mkengeuko tumeukisia kutoka kwenye sampuli. Aliyetengeneza hesabu hiyo ni William Gosset, mtu wa kiwanda cha bia cha Guinness cha Dublin, aliyeichapisha mwaka 1908 kwa jina la kujificha, Student. Nikilisema hilo darasani katika mji huu wa bia ya Simba, hata waliolala wanaamka. Ukipima magunia 8 tu, namba inapanda hadi 2.36.

Mama akitaka mipaka ibane nusu, mwambie gharama kabla hajafurahi: magunia yanakuwa karibu mara tatu, kama 100.

Kilo 50 haimo kati ya 41 na 45. Hilo lilitosha kuzungumzia bei upya. Mleta mzigo angedai 44, tusingekuwa na la kumwambia.

Orodha ya namba ikae mfukoni mwako. Mimi niliwahi kuibandika ukutani mwa depo. Lori la pili, magunia ya namba zile yakaja yamejaa hadi mdomoni.