Fisi Asiyejua Kiswahili: vikaragosi vya soksi kwa somo la Kiingereza

Kwa darasa la tatu lenye watoto 60 au 70, vikaragosi viwili vinatosha: Sungura na Fisi. Watoto wanawajua tangu nyumbani, kwa hiyo nguvu zote zinabaki kwenye lugha.

Soksi ndefu za mitumba hazikosekani soko la Memorial, Moshi. Chana ncha ya soksi kwa mlalo. Kata boksi gumu umbo la yai, urefu sentimita 16, upana 8, likunje katikati. Hayo ndiyo mataya. Lifunike ndani kwa kitambaa chekundu, kisha shona ukingo wa kitambaa na wa soksi pamoja. Gundi haifai: ikikauka inakakamaa, mkunjo unapasuka. Macho yawe vizibo vya soda vilivyopakwa rangi nyeupe na kitone cheusi. Vifungo vya shati havionekani dawati la nyuma.

Kuongea, shusha kidole gumba. Ukiinua vidole vinne, Fisi anazungumza na dari. Mdomo ufunguke mara moja kwa kila silabi: "banana" ni mara 3.

Sasa kanuni kubwa: Fisi hajui Kiswahili. Akiwa amelala mezani, mwalimu aeleze kwa Kiswahili apendavyo. Akishavaliwa mkononi, ni Kiingereza tu. Ukiteleza mara moja, watoto watamsemesha Kiswahili muhula mzima.

Watoto wawili washike khanga iwe pazia. Anza kama kawaida, "Hadithi, hadithi!", nao waitike "Hadithi njoo!" Fisi atokee na njaa yake, darasa zima limuulize: "Where are you going?" Ajibu: "I am going to the river." Atoke mara 5, kila mara ukibadilisha mahali tu: the market, the farm. Mara ya nne akosee makusudi, "I going to the shop." Watamsahihisha kwa kelele, maana hakuna raha kama kumkosoa Fisi.

Sungura mfunge kilemba awe wa kike. "Yeye" yetu haibagui, ndiyo maana watoto humwita kila mtu "he". Ukiuliza "Where is she going?" itabidi watazame kilemba kwanza.

Dakika 15 za mwisho wachezeshe wenyewe, wawili wawili. Mtoto mwenye haya mpe Fisi, akae nyuma ya khanga. Akikosea usimtaje jina, msahihishe Fisi.