Saladi ya majani juu ya mawe ya lava

Hapa Goma, mashariki mwa Kongo, tumezoea kusema kwetu hakuna pa kulima, ni mawe matupu. Kwa muhogo, sawa. Lakini saladi ya majani mizizi yake ni mifupi, udongo wa sentimita 20 unaitosha. Lava ya volkano Nyiragongo ya Januari 2002 ilipita ndani ya paraseli (kiwanja) yangu, jembe haliingii, na bado ninachuma karibu mwaka mzima.

Mwenye chukudu, ile skuta ya mbao ya kubebea mizigo, atakuletea udongo kwa magunia. Chagua ule mweusi, ambao ukiufinyanga mkononi unavunjika wenyewe. Panga mawe yawe ukingo (hayo hukosi!), kisha tandika magunia yaliyochakaa chini kabla ya kumwaga udongo. Hapo usiruke. Lava ina matundu na nyufa. Bila gunia, mvua kubwa mbili tatu zinauteremsha udongo wote huko chini. Changanya beseni moja ya samadi iliyooza kwa beseni tatu za udongo. Mavi mabichi ya kuku yanaunguza miche.

Dukani omba saladi ya majani, si ile inayofunga kama kabichi. Ile ukishaikata imekwisha.

Mbegu zake ndizo zinazosumbua watu. Zinahitaji mwanga ili ziote, na wengi wanazifukia kama maharagwe halafu wanamlaumu muuzaji. Changanya na mchanga mkavu, mimina kwa mistari, gandamiza kwa kiganja, nyunyizia udongo kidogo sana juu. Joto pia hazilitaki: udongo ukizidi nyuzi 27 hivi, nyingi zinalala. Na mawe yetu meusi saa saba mchana huwezi kuyakalia. Ndiyo maana mimi napanda jioni, na wakati wa kiangazi, Juni hadi Agosti, naotesha kwanza barazani, ndani ya beseni iliyotobolewa. Baada ya wiki moja hivi utaona kijani.

Mche ukiwa na majani manne, uhamishe jioni, sentimita 20 kati ya mmoja na mwingine, bila kuufukia moyo wake.

Udongo mfupi hukauka upesi, kwa hiyo mwagilia kidogo kila asubuhi, kwenye shina. Kwa bei ya bidoni (dumu) la maji, tandaza majani makavu ya migomba yashike unyevu. Maji yaliyooshea mchele yanafaa. Ya sabuni, hapana. Konokono wanajificha mchana chini ya mawe yale yale ya ukingo. Watafute usiku kwa tochi.

Wiki ya tano au ya sita, anza kuchuma asubuhi na mapema: majani ya nje tu, yale madogo ya katikati uyaache yaendelee. Mmea ukianza kurefuka katikati na kutoa maziwa mengi, majani yamekuwa machungu, basi ng'oa uwape sungura. Otesha mbegu nyingine kila baada ya wiki mbili tatu, usije ukarudi kununua soko la Virunga.

Kuosha, usifanye mzaha. Kipindupindu tunakijua, na saladi haipiti motoni kama sombe (majani ya muhogo). Osha jani moja moja, upande wa mgongo ambako mchanga unajificha, kwa maji yaliyotiwa dawa ya kusafisha maji, si ya ziwani moja kwa moja. Kung'uta, kausha kwa kitambaa safi. Limau na chumvi tia mkiwa mmeshakaa mezani, la sivyo majani yanalegea.